Kengele ya Mpunga wa Gaudiosa

Wifi yangu Gaudiosa hamung'unyi maneno. Ukimkosea anakupasulia hapo hapo mbele ya wageni, na ubwabwa anakupakulia. Namjua; mimi ni mke wa kaka yake, Bonifas.

Ng'ombe walipomaliza mpunga wake hapa Tindiga, kilikwenda chakula cha mwaka mzima. Usiku huo alikuwa amerudi kutoka Kilosa mapema kuliko alivyoaga, akalala shambani kwenye dungu la kuwingia ndege. Alfajiri akasikia kengele ya ng'ombe, akaacha simu yake ya kitochi inarekodi, akakimbia kuita watu. Waliporudi, ng'ombe hawapo, mpunga haupo. Akaapa kengele ile ni ya Yeremia, mfugaji jirani. Yeremia akakana. Ikabaki rekodi.

Spika ya simu ilishakufa, kwa hiyo ofisini kwa mtendaji wa kijiji kadi ikachomekwa kwenye kompyuta. Rekodi haikufunguka. Jina la faili liliishia na "amr". Mtendaji akafuta, akaandika "mp3". Wapi! Ikagoma vilevile.

"Imeharibika," mume wangu akasema. "Tuachane nayo, dada, utalima tena."

"Nilime huku watoto wanakula nini? Udongo?"

Nikamuunga mkono wifi, nikimkodolea Yeremia, aliyekuwa ameitwa pale, macho ya kummeza.

Akaitwa Innocent, fundi simu. "Ukiandika 'mahindi' kwenye gunia la mpunga, ukikoboa utapata sembe? Rudisheni jina lake." Akaweka programu inayosoma amr. Ila akatuonya: simu zile hubana sauti ili faili liwe dogo, huokoa maneno ya mtu, mengine huyavuruga.

"Na kengele?" Gaudiosa akauliza.

Tukasikiliza. Mkwaruzo mtupu. Ingeweza kuwa kengele ya yeyote. Gaudiosa akainamia meza, na mimi machozi yakanilenga.

Bonifas akasimama. "Basi, twendeni."

"Kaa," Yeremia akasema. "Haijaisha."

Kisha mtu akaongea, kila neno safi: "Pitisheni huku. Dada yuko Kilosa, harudi mpaka kesho."

Sauti ile naamka nayo kila siku. Bonifas alikuwa anatazama sakafu.

"Nisamehe, kaka Yeremia," Gaudiosa akasema. Halafu akanigeukia. "Wifi, ulijua?"

"Haki ya Mungu, sikujua."

Na sikujua. Lakini tangu wiki ile mpunga ulipoliwa kulikuwa na dumu la maziwa mlangoni kwetu kila asubuhi. Bonifas aliniambia ni ya rafiki yake, mfugaji wa kijiji cha pili, nami nikawa nayachemsha, nawapelekea watoto wa Gaudiosa.