Mkoba Usioruhusiwa Ndegeni

Nehemiah Amukoya, mtu wa Vihiga, alikuwa dereva wa nyumbani mjini Riyadh kwa mfanyabiashara wa vigae aliyeitwa Abu Rakan, na ukitaka kujua ni mtu wa namna gani, anza na gari. Gari lilikuwa la bosi, lakini aliyelijua ni Nehemiah. Alilipangusa kila alfajiri kabla vumbi halijapata nafasi ya kukaa, na akisikia mlio wa ajabu chini ya boneti hakulala vizuri. Watoto wa nyumba ile walipomwaga maziwa kwenye kiti cha nyuma, baba yao alicheka tu. Aliyenuna wiki nzima ni dereva.

Kulikuwa na kitu kimoja ndani ya gari ambacho hakuwa na mamlaka nacho. Ni mkoba mdogo wa ngozi uliokaa katikati ya viti viwili vya mbele. Mkoba huo ulianza kupanda gari baada ya Abu Rakan kugombana na mwenzake wa zamani wa biashara kwa ajili ya bohari. Siku moja, gari likiwa limesimama kwenye taa, watu wasiojulikana walivunja kioo cha nyuma kwa jiwe wakatokomea. Tangu hapo Abu Rakan akaacha kukaa nyuma kama mabosi wengine. Akakaa mbele, mkoba kando ya goti, zipu nusu wazi, na kila pikipiki iliyopita karibu ilimfanya apeleke mkono pale. Alimwambia Nehemiah asiuguse hata siku moja.

Nehemiah hakuuliza. Baba yake mzazi aliuawa na presha, na mtu anayeshtuka hovyo huku mkono ukitafuta mkoba alimwona kuwa mgonjwa wa presha tu, anayeogopa kuwa mbali na dawa zake. Akamhurumia. Akawa anapita kwenye matuta polepole ili moyo wa mzee usiruke. Kama kuna mtu mwingine aliyewahi kubembeleza bastola namna hiyo barabarani, mimi sijamsikia.

Shule zilipofungwa, familia nzima ilipanda ndege kwenda Jeddah, kwenye nyumba yao ya Al-Nuzha, na Nehemiah akaachiwa kazi aliyoipenda kuliko zote: kulipeleka gari kwa barabara. Jangwa halina mtu wa kukuita. Hakuna madam anayetaka kupelekwa dukani kurudisha viatu alivyonunua jana. Aliweka nyimbo za kwaya ya kanisa lao, akaimba sauti ya tatu peke yake, na mkoba wa dawa, ambao alidhani mzee kausahau kwa haraka ya safari, ukakaa kimya kando yake.

Sasa sikiliza habari ya Kiarabu chake. Nehemiah alijifunza lugha hiyo kwa kutumwa, na mwalimu wake mkuu alikuwa madam. Madam alikuwa na mikoba isiyo na idadi, na kila aliposhuka alisahau mmoja garini, kwa hiyo neno la kwanza ambalo Nehemiah alilijua barabara lilikuwa shanta. Jib shanta, lete mkoba. Wenyeji wana shanta nyingine, buti ya gari, nao huziita zote mbili kwa jina hilo hilo, lakini hiyo hakuna aliyewahi kumfundisha. Nyumbani mwao watu walibonyeza kitufe, buti ikafunguka.

Kwenye kizuizi cha polisi, mahali ambapo siku nyingine hupungiwa mkono tu, askari kijana alimsimamisha. Akaitazama ikama yake, kitambulisho cha ukaazi, akaitazama sura yake, kisha akasema, "Iftah shanta," fungua shanta.

Nehemiah alitazama huku na huku ndani ya gari. Mkoba ulikuwa mmoja tu. Bosi amekataza usiguswe, lakini serikali ni kubwa kuliko bosi, na yeye si mtu wa kubishana na serikali. Akauinua. Ulikuwa mzito kiasi kwamba aliwaza, dawa gani hizi. Zipu ilikuwa upande wake, mdomo ukapanuka, na humo ndani, juu ya kitambaa cha manjano, akaona mpini mweusi wa bastola.

Aliganda na mkoba hewani. Askari, ambaye alichoona ni upande wa pili wa ngozi na Mkenya aliyetoa macho, aliangua kicheko. "La, la," alisema, akionyesha nyuma ya gari kwa kidole gumba, "shanta wara." Akaenda nyuma mwenyewe huku bado anacheka. Nehemiah akaurudisha mkoba mahali pake, akabonyeza kitufe. Askari aliona masanduku ya nguo na baiskeli ya mtoto, akafunga, akapiga bati kwa kiganja, akasema yalla, nenda.

Hakuimba tena. Aliendesha akiwa amelowa mgongo mzima wakati kipoza hewa kinavuma, mpaka akafika kwenye kituo cha mafuta katika mji mdogo wa njiani uitwao Dhalim. Hapo akaegesha, akazima, akashuka, akafunga milango. Akasimama mbali na gari lile alilokuwa akilipangusa kama kikombe cha bibi harusi, akaliogopa.

Aliyekuja akilini mwake ni Elly. Elly alikuwa dereva kama yeye, tena waliimba kwaya moja kabla hawajaja Saudia. Chupa za pombe zilipatikana chini ya kiti cha gari alilokuwa akiendesha, chupa za mtoto wa bosi, na bosi alipoitwa alisema hajui lolote, dereva ndiye mwenye funguo. Likizo iliyopita Nehemiah alikwenda kumwona mama yake Elly. Mama alimpikia chai, akamuuliza kama huko gerezani watu hupewa blanketi. Hizo zilikuwa chupa tu. Hii ni bastola, na mwenye funguo ni yeye.

Akampigia Abu Rakan. Mazungumzo yao yalikuwa ya Kiarabu cha kazini na Kiingereza cha kuokoteza, lakini walielewana vizuri kuliko siku zote. Bosi hakushangaa wala hakukana. Alisema kwa utulivu kwamba uwanja wa ndege hawaruhusu kitu kama hicho, ndiyo maana anakuja nacho Nehemiah kwa gari. Adui zake wana ndugu Jeddah, na yeye hawezi kutembea mikono mitupu huko. Tena, akaongeza kwa ukarimu, njia ni ndefu na ina watu wabaya, Nehemiah akiona hatari mkono wake unafika pale bila shida.

Hapo hasira ilimpanda Nehemiah, na nadhani ni ule ukarimu uliompandisha. Kumbe kuna mzigo ambao ndege ilikataa kuubeba, na ambaye hakuulizwa kama anakataa ni yeye. Akamwambia bosi kwamba gari halitoki Dhalim mpaka mwenye mkoba aje auchukue kwa mkono wake. Abu Rakan akapandisha sauti. Alisema atamwandikia huruub, maana yake kumripoti polisi kuwa ametoroka kazini, na dereva mwenye huruub hana ikama, hana kazi, hana pa kukimbilia. Nehemiah akajibu kwamba mtoro hakai kituo cha mafuta akitaja jina la kituo. Akamtajia na jina, kisha akasema atakuwa pale chini ya kivuli, halas, basi. Simu ikakatwa upande wa pili.

Akampigia Onesmus, rafiki yake anayeishi Kandara kule Jeddah na kufanya kazi ya kupakua mizigo bandarini. Onesmus alipoambiwa jina la mji alicheka kwanza, akasema kati ya miji yote ya Saudia mwenzake amekwenda kukwama kwa dhalimu. Kisha akaacha kucheka.

"Buda, mbona unajitesa? Tupa hiyo kitu kwa mchanga usonge."

"Nikiigusa itakuwa yangu," Nehemiah alisema.

"Na huyo mzee akikosa kuja?"

"Atakuja. Hiyo kitu anaipenda kuliko mimi."

Akakaa chini ya kivuli cha paa la pampu. Jua lilizunguka, kivuli kikahama, naye akahama nacho. Moyo wake uligawanyika, tusidanganyane. Mara alimwona Rael, mkewe, akipokea simu ya kwamba mumewe ameripotiwa mtoro. Mara akamwona Rael huyo huyo akiuliza habari za blanketi. Kati ya Rael hao wawili alimchagua wa kwanza. Mke wa mtu aliyefukuzwa kazi bado ana mume mezani. Alipokwisha kuchagua hakurudia tena hesabu hiyo, alikwenda kununua sambusa akala zote.

Abu Rakan alifika alasiri, peke yake, akiendesha gari la kaka yake, kanzu imekunjamana na macho mekundu kwa jua la njiani. Hakusalimu. Alichukua funguo kwa Nehemiah, akafungua gari, akaketi, akautoa mkoba, akachomoa kifuko cha risasi kwenye bastola akakitia mfukoni mwake.

"Halas. Sasa ni chuma tu. Hakuna risasi. Iweke chini ya kiti, endesha."

"Baba, askari hataniuliza kama ina risasi. Ataniuliza ni ya nani."

"Nitakuwa nyuma yako. Nitamwambia ni yangu."

Kando ya barabara, si mbali na pampu, palikuwa na kituo kidogo cha polisi, bendera juu, gari la doria mlangoni. Nehemiah alikuwa amekitazama mchana kutwa. Akakionyesha kwa mkono wazi, kwa adabu, kama mtu anayemkaribisha mgeni ndani.

"Basi twende pale tumwambie sasa hivi, baba. Wewe useme ni yako na mimi sikujua. Ukishasema, naiweka chini ya kiti na naendesha mpaka Jeddah bila neno."

Abu Rakan alikitazama kituo. Nehemiah akamuuliza kama kibali anacho. Akasema ameomba, kibali kiko njiani. Akautazama mkoba, akapitisha kidole kwenye zipu, akaifunga, akaifungua. Kijana wa pampu alimaliza kujaza lori zima, dereva wa lori akalipa akaondoka, na Abu Rakan alikuwa bado anachezea zipu. Nehemiah alimwona mtu mwenye hofu ya kweli, aliyevunjiwa kioo akiwa ndani, na alimwonea huruma kama alivyomwonea zamani. Lakini huruma yake haikufika gerezani.

Mwishowe Abu Rakan alisimama, akaenda na mkoba kwenye gari la kaka yake, akautia kando ya goti lake. Alisema wataongea wakifika. Nehemiah akarudi kwenye usukani, na kabla ya kuwasha alipapasa chini ya kila kiti na ndani ya kila mfuko wa mlango, mbele ya macho ya bosi wake, bila kuharakisha.

Waliondoka wakifuatana, dereva mbele, tajiri nyuma. Kabla ya Taif kulikuwa na kizuizi kingine. Nehemiah aliambiwa ashuke. Ikama, leseni, karatasi za gari, buti. Askari mmoja aliinua mazulia ya miguuni, mwingine akafungua chupa yake ya chai akainusa. Waliuliza gari ni la nani, anatoka wapi, anakwenda kwa nani, kisha wakauliza tena kwa mpangilio mwingine. Alijibu yote kwa sauti yake ya kawaida, na alipoachiliwa alisogea pembeni akasimama kumsubiri bosi.

Zamu ya Abu Rakan ikafika. Askari yule yule aliyenusa chai aliinama dirishani, akaona kanzu nyeupe na kilemba chekundu, akaweka mkono kifuani akasalimu. Akampungia apite. Magurudumu hayakusimama hata kidogo.

Abu Rakan alisogea mpaka ubavuni mwa Nehemiah, akashusha kioo. Uso ulikuwa umemfunguka, alikuwa na tabasamu la mtu aliyeshinda kesi.

"Umeona, Nehemiah? Mafi mushkila. Hakuna shida."

"Nimeona, baba," Nehemiah alisema. "Ndiyo sababu nilikataa."

Abu Rakan akageuza macho, akamtazama askari kule nyuma, ambaye sasa alikuwa amemshusha dereva mwingine mweusi na kumwambia afungue buti. Akautazama mkoba kando ya goti lake. Kisha akapandisha kioo taratibu, na Nehemiah akamwacha atangulie.