Habari Zisizomfikia Mfalme

Wakati wa karantini, tukiwa tumejifungia Merrylands, mtaa wetu huku ughaibuni, niliweka amri moja nyumbani: mezani haziletwi habari mbaya. Helikopta za polisi zilikuwa zikizunguka juu ya paa, simu kutoka Kenya haziishi misiba, nami nilikuwa nimechoka. Yeyote aliyeanza na "Unajua..." nilimkata kwa jicho. Nyumba ikatulia. Nikajisifu kwamba najua kutawala.

Binti yetu, ambaye tulihama kwa ajili ya masomo yake, alisomea kwenye meza hiyohiyo kwa kompyuta. Jioni moja akaja na insha: kwa nini nasaba za wafalme wa Uchina zilidhoofika na kuanguka? Jamani, mimi nilifundisha historia miaka kumi na miwili kabla ya kuja huku kuhudumia wazee. Nilivuta kiti kama mtu aliyeitiwa pilau.

"Andika," nikamwambia. Kodi zilizowakamua wakulima. Mafuriko ya Mto Manjano, na ghala za nafaka kukutwa tupu. Majenerali waliojiona wafalme. Kisha nikafika pale ninapopapenda: maofisa walioandika kwamba mambo ni shwari huku majimbo yakiwaka moto, kwa kuwa mfalme hakutaka kuudhiwa. Mmoja wa nasaba ya Ming alikaa miaka mingi bila kukutana na mawaziri wake. Nilieleza vizuri sana, hata leo sioni haya kusema.

"So nobody told him?" binti akauliza. Kiswahili anakisikia, lakini hujibu kwa Kiingereza.

"Nani angethubutu? Ndiyo maana ya mficha maradhi kifo humuumbua."

Mama yake akaacha kukata sukuma wiki. "Mwambie babako."

Binti akafunga kompyuta. Kumbe wiki tatu hajaingia darasa la hesabu. Alifeli jaribio, akaona aibu, na sasa mwalimu alitaka kuzungumza na mzazi. Mama mtu alijua, akanyamaza ili asivunje amri yangu. Wiki tatu zote nilikuwa nikiketi mkabala na mtoto huyu, nikimsifia kwa ndugu zangu kwenye simu.

Hasira zilinipanda, nakiri. Nikamgeukia mke wangu, nikakuta ananitazama bila hata kupepesa, kisu bado mkononi. Nikarudi kwa binti.

"Mbona hukuniambia?"

Akanijibu kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno.

"Baba, wewe ulikataza."