Toleo la Saba

Ofisi yetu ya kugawa vitambaa ilikuwa ghorofani Kariakoo, na kompyuta yake iliingia nchini kabla serikali haijapiga marufuku kuingiza kompyuta. Aliyeijua vizuri alikuwa dada mmoja wa Kihindi, mkazi wa Upanga, ndiye aliyenifundisha kazi. Aliandika programu ya kupanga duka lipi la ushirika lipate vitambaa kiasi gani. Kila alipoirekebisha aliipandisha namba. Ukichapa neno TOLEO, mashine ilikujibu kwa kupiga namba hiyo kwenye karatasi.

"Usiiendeshe kabla hujaiuliza," aliniambia. "Ya zamani haina aibu. Inafanya kazi kama mpya."

Familia yake ilipohama nchi, aliniachia toleo la tisa. Masika ile paa lilivuja, kanda iliyohifadhi programu hiyo ikaota ukungu. Nikapachika kanda ya akiba, nikachapa TOLEO. Ikajibu: 7.

Nilikaa nikiitazama ile saba. Toleo hilo liliandikwa kabla maduka ya Buguruni hayajafunguliwa. Kwake, Buguruni haikuwepo.

Nilimwendea mkuu wa ofisi na karatasi ile ya saba. "Mzee, tugawe kwa mkono kwanza, mpaka niyaongeze maduka yaliyokosekana."

"Wageni wa wizara wanakuja kuiona kompyuta, wewe unataka wakute kalamu?" Akaichana ile karatasi. "Iambie iandike tisa."

"Itaandika tisa, mzee, lakini itagawa kama saba."

"Nani atajua?"

Nilikataa. Kesho yake nikahamishiwa ghalani, kiti changu akapewa mwingine. Wageni walipokuja, walichapa TOLEO, wakasoma tisa. Makofi yao niliyasikia nikiwa chini, napanga majora ya bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda.

Mwezi uliofuata, mama mwenye nyumba niliyopanga kule Buguruni alifariki. Wanawe walizunguka kutwa kutafuta sanda. Kwenye duka la ushirika la Buguruni rafu zilikuwa tupu, na ya mitaa mingine yaliwauzia wakazi wake tu. Nilikwenda kuomba ghalani kwetu, nikaambiwa hapauzwi kwa mtu mmoja mmoja.

"Si unafanya kazi kwenye vitambaa, wewe?" binti yake mkubwa aliniuliza.

"Nafanya, dada. Mashine haina jina la Buguruni."

Alinitazama kama niliyemtania msibani, akaingia ndani. Tulimzika mama kwa mashuka yake mawili, moja lina kiraka.

Jumatatu nikarudi ghalani. Tulipakia lori la Ilala, la Magomeni, la Temeke. Dereva akauliza kama kwenye orodha ya mashine yamebaki maduka mengine. Nikamwambia hayajabaki.