Busaa ya Mgeni wa Jeshini

Habari kwamba rafiki yake wa jeshini anakuja zilimfanya mume wangu afagie boma mwenyewe. Mwanajeshi mstaafu kashika ufagio, kijiji kizima cha Kombewa kinaona! Nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

"Mama, pika busaa," akaniambia. "Huyu ni Mluhya wa Port Victoria. Akikosa busaa atasema tumemfukuza."

Kicheko kikanikauka. Busaa ni pombe, hata iwe ya nafaka tu. Mume wangu alirudi kutoka jeshini na chang'aa yake, ile gongo kali, ikamfukuzisha kazi ya ulinzi Kisumu, na alikuwa ameiacha mwaka uo huo tu, baada ya kulazwa. Majirani walisema Wajaluo wa jeshi ndivyo walivyo. Upuuzi mtupu! Baba yangu ni Mjaluo wa jeshi pia na hajawahi kuonja. Sasa nimwekee mume wangu chungu chini ya pua? Lakini mgeni ni mgeni. Nikakaanga unga uliochacha, nikatia kimea cha wimbi, huku nikimsema mume wangu kila nilipokoroga.

Siku ilipofika walipigiana saluti langoni, wakakumbatiana, wakarukaruka wazee hao! Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nikaleta chungu sebuleni na mirija miwili mirefu ya kunywea.

Mgeni naye akatoa chupa iliyozibwa kwa gunzi.

"Omera, ndugu yangu, nyinyi Wajaluo mnaona busaa ni uji," akasema. "Nimekuletea chang'aa."

Jasho lilimtoka mume wangu, macho kwenye chupa.

"Anza wewe, Bwana," mume wangu akasema.

"Hapana, anza wewe mwenye boma."

Wakashika mirija. Nikashindwa kuvumilia.

"Shemeji, huyu aliacha! Pombe itamuua!"

Mgeni akauweka mrija chini.

"Hata mimi niliwacha, Shemeji. Njia yote nimekuwa naomba Mungu."

Mume wangu akaruka juu. "Tumelala handaki moja miaka yote hiyo, na bado unaniletea chang'aa kwa sababu ni Mjaluo?"

"Na hii busaa ulimpikishia nani, kama si Mluhya?" mgeni akajibu.

Walicheka wakipigana makonde mabegani, nami nikawagombeza wote wawili huku nikicheka. Kisha mume wangu akaniomba, kwa sauti ya chini, nikamwage vyote nyuma ya choo.

Nilipoinua chungu, harufu ilijaa chumba. Wakageukia ukutani, wameshikana mikono, wakabaki hivyo mpaka niliporudi na chai.