Ndama Aliyetafutwa Kwetu

Waliokuwepo ni mimi, mdogo wangu Mwadime, kitinda mimba wetu Wakesho, na wageni kutoka Wundanyi: kijana Mghanga, mamake, na mjomba wake Mzee Mwakio. Nawataja wote ili mkisimuliwa na wao msidhani wanatia chumvi, maana aibu yote hiyo ilitokea kweli.

Mwadime alikuwa ametoka hospitali majuzi, baada ya pikipiki kumwangusha hapa Voi akapiga kichwa kwenye lami. Daktari alionya kwamba asichoshwe na watu, na kwamba kwa sasa atalichukua kila neno jinsi lilivyo. (Nilimwambia aangalie maziwa jikoni, akayaangalia mpaka yakamwagika yote.) Lakini wageni wa posa walikuwa njiani, wazazi tuliwazika zamani, na mimi niliyeacha shule kuwalea hawa wawili niliona haya kupokea wazee nyumba haina mwanamume, basi nikamvalisha Mwadime koti, nikafunika bandeji kwa kofia, nikamwambia akae tu.

Mzee Mwakio akakohoa, akasema, "Tumepoteza ndama wetu, na nyayo zimetuleta humu."

Mwadime akasimama. "Mzee, hapa hatuibi. Njoo utafute."

Wageni wakafurahi kweli, wakidhani wamepata mjuzi wa mafumbo, wakamfuata jikoni, wakachungulia chooni, mimi nyuma namvuta koti huku nikicheka kicheko cha uongo, mpaka akasukuma mlango wa chumba alimojificha Wakesho, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Mamake Mghanga akapiga vigelegele.

"Huyo ni Wakesho," Mwadime akasema. "Huyo hatumtoi."

Vigelegele vikakatika. Mwadime tayari alikuwa zizini, ameinama kati ya mbuzi, kizunguzungu kikamshika, Mzee akamdaka, na wote wawili wakakaa kwenye mbolea, kofia kule, bandeji nje.

"Binti," Mzee akaniuliza taratibu, bado amekipakata kile kichwa kisiguse chini, "huyu mgonjwa umemtoa kitandani kwa ajili yetu?"

Nikakubali. Posa ikasimamishwa mpaka Mwadime apone, na Mghanga hakuthubutu kubisha.

Sitamficha tena mgonjwa chini ya kofia. Suti ya Mzee nimeifua na bado inanuka mbuzi. Wakesho naye kila asubuhi anamchunguza kaka yake kama amepona, halafu ananigeukia mimi: ananidai mume.