Bugali wa Maji Yaliyoshiba Chumvi

Mwalimu wetu wa kemia alitaka kila mmoja alete darasani punje kubwa ya chumvi iliyojikuza kwenye uzi. Kazi tamu kama nini! Jumamosi asubuhi niliinjika maji kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nikamimina chumvi, nikakoroga, ikapotea. Nikaongeza, ikapotea. Niliendelea huku nacheka peke yangu mpaka maji yakagoma: chumvi ikalala chini, ikakataa kuyeyuka hata nikoroge vipi. Nikachochea makaa nikidhani yatameza nyingine tele, kama yanavyofanya na sukari. Wapi! Yakameza kidogo tu. Yalikuwa yameshiba. Nikayachuja kwa kitambaa, yakatoka maangavu kabisa, nikayafunika yapoe, nikaenda kutafuta uzi.

Siku hiyohiyo jamaa ya kijana aliyetaka kumwoa dada yangu walikuwa wanakuja kutoka Katana. Kwao na kwetu desturi ni moja: binti anapika bugali, yaani ugali, kwa mkono wake, na wageni wakiuacha sahanini, wamemkataa. Na dada alimpenda kijana yule hadi akawa anaimba akifua.

Alirudi mbio kutoka kwa msusi mtaa wa Nyawera, nywele zimesukwa, akakuta sufuria ya maji karibu na mbabula. Kwetu Bukavu bomba linatoa maji likipenda. Nani anauliza maji safi yametoka wapi? Akaongeza ya dumu, bidoni kama tunavyoliita, bahati yetu, akasonga.

Mimi niligundua wageni wakiwa wananawa mikono. Ukingoni mwa sufuria iliyosongewa bugali palikuwa na ukoko mweupe, mkavu, unaometameta. Nikaulamba. Mungu wangu! Nikamwita dada, naye akalamba, akaziba mdomo kwa kiganja. Huko sebuleni maman alikuwa ameshabariki chakula.

Baba wa kijana alikata tonge, akachovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, akatia mdomoni, akasahau kutafuna. Shangazi wa kijana akaonja, akakunja uso. Nyuma ya pazia kicheko kilinibana mbavu, na hofu pia, maana dada alikuwa anaomba Mungu kwa kunong'ona.

Kijana ndiye aliyekata tonge la pili. Macho yakamjaa machozi. Akameza. Akakata jingine.

"Maman," alimwambia mama yetu kwa sauti nyembamba, "bugali iko muzuri sana. Munipatie mayi kidogo."

Akanywa, akala, akanywa tena, mpaka sahani yake ikawa nyeupe. Baba yake akafuta mdomo.

"Nani alipika hii bugali?"

"Ni mimi, papa," dada akajibu toka mlangoni, kichwa chini.

Mzee akamtazama mwanawe aliyekuwa ananyoosha gilasi ajaziwe tena, mabega yakaanza kumcheza, kisha akaangua kicheko mpaka vikombe vikalia.

"Mutoto yangu amemaliza sahani, miye nitasema nini? Utakuya kwetu, maman," akamwambia dada. "Lakini chumvi, ibakiye huku."