Donge la Theluji Lililopotea Mbele ya Baba Mkwe

Nilirusha donge la theluji mbele ya baba mkwe wangu, na halikutua.

Sikuliona likianguka, wala halikuacha alama. Lilipotea tu kwenye ule weupe.

Na mzee alikuwa bado anatembea kuelekea hukohuko.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo wakuu, maana nikianzia hapo mtadhani nilitaka kumuua mtu.

Naitwa Dominic, mzaliwa wa Leeds, nimeoa Uskoti. Mke wangu ni Kirsteen. Baba yake, Mzee Torquil, ni mtu wa milima haswa. Kila Jumamosi anafunga buti, anapanda kilele, anashuka kabla ya giza, anakunywa supu yake, analala. Mkewe alishafariki. Milima ndiyo iliyobaki.

Tangu nimuoe bintiye, mzee alikuwa ananichunia.

Namsalimia, kimya. Namuuliza habari za mpira, anaangalia dirishani. Nikajua tu, huyu hataki Mwingereza kwenye ukoo wake. Iliniuma sana, sifichi.

Mwezi wa tatu Kirsteen akapata ujauzito.

"Nenda naye mlimani Jumamosi, umwambie wewe mwenyewe," akaniambia. "Mkiwa wawili huko juu atalegea."

"Akinichunia je?"

"Kwa habari hii? We Dominic, hata jiwe litajibu!"

Basi tukaacha gari bondeni upande wa magharibi, tukapandisha tukifuata kijito. Upepo ulikuwa unatusukuma mgongoni. Mzee mbele, mimi nyuma nahema. Kila nikifungua mdomo, naufunga.

Tulipofika penye theluji nikajikaza.

"Mzee! Kirsteen ni mjamzito. Unakuwa babu!"

Hakugeuka. Akaenda mbele kidogo, ndipo akasema, "Angalia hapo, panateleza."

Hiyo ndiyo pongezi niliyopata.

Aisee, nilitamani kugeuza. Njia nzima nilikuwa nagombana naye kichwani. Kileleni akagusa rundo la mawe lililopangwa kuonyesha kilele, maana kwa watu hawa usipoligusa hujapanda. Tukala mkate na jibini tumesimama.

Ndipo wingu likatufunika.

Chini theluji, juu wingu. Huoni hata mlima unapoishia. Mzee hakushtuka. Akatoa dira mfuko wa kifuani, akaipanga magharibi, akaanza kushuka.

Wapanda milima wa huku wana dini moja: ukiwa ndani ya wingu, amini dira, usiamini pua yako. Hata kama unaweza kuapa kwamba gari liko kulia, dira ikisema kushoto, unanyamaza unakwenda kushoto.

Nikanyamaza. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikera.

Upepo.

Wakati wa kupanda ulitupiga mgongoni. Sasa tunarudi, ulitakiwa utupige usoni. Mbona bado unanisukuma?

Nikatoa dira yangu. Ikaniambia tunakwenda mashariki. Na upande wa mashariki mlima ule umekatika wima kama ukuta.

"Mzee! Tunakwenda siko!"

Kimya.

"Mzee Torquil!"

Kimya. Nikapandwa na hasira na hofu kwa pamoja. Yaani hata kwa hili unanichunia?

Nikafinyanga donge la theluji, nikalirusha mbele yake. Ndivyo tunavyopima njia kwenye weupe kama ule. Donge likitua unaliona, unajua kuna ardhi.

Halikutua.

Sikufikiri. Niliruka nikadaka begi lake la mgongoni, nikajitupa nyuma. Tukaanguka wote, yeye juu yangu. Pale alipokuwa amesimama theluji ikapasuka ufa mrefu, kipande kilichokuwa kimening'inia hewani kikakatika, kikaenda zake chini. Sikusikia hata kishindo.

Tukabaki tunahema.

"Umenivuta kama kondoo wa mnadani!" akafoka.

"Nimekuita mpaka sauti imekauka! Unanichukia kiasi kwamba bora ufe?"

"Unasemaje?"

"DIRA YAKO MBOVU!"

"Dira hii inanishusha milimani tangu hujazaliwa, Mwingereza we."

Nikatandaza dira zote mbili juu ya theluji, moja huku, nyingine kule. Sindano zikatazama pande tofauti kabisa. Kaskazini yake ilikuwa kusini yangu.

Mzee akakunja uso. Kuhusu dira huwa hafanyi ubishi wa kijinga.

"Sumaku," akasema taratibu. "Dira ikilala na sumaku, inageuka. Simu yako iko wapi?"

"Ndani ya begi. Dira naivaa shingoni."

"Basi ni mimi."

Akaanza kutoa vitu mfuko wa kifuani. Kitambaa. Peremende. Halafu mkono ukagoma humo ndani. Nilidhani ameumia.

Akatoa kikasha kidogo cheupe. Alipokisogeza karibu na dira yangu, sindano ikayumba na kukifuata. Akakiondoa haraka.

"Nini hicho?"

Akakifungua. Kifuniko kilikuwa kimeshikwa na sumaku, na ndani mlikuwa na vifaa viwili vya kuvaa masikioni vya kuwasaidia wasiosikia vizuri, vipya kabisa.

"Kirsteen asijue," akasema.

"Kwa nini?"

Alikuwa ananitazama mdomo. Hapo ndipo nilipogundua kuwa anasoma maneno kwenye midomo yangu.

"Akijua sisikii, atanikataza kupanda peke yangu. Nitakaa nyumbani nifanye nini, niangalie saa?"

"Kwa hiyo muda wote huu..."

"Nasikia upepo. Nasikia mbwa. Watu nawabahatisha. Wewe ndo kabisa! Unaongea kama una kiazi cha moto mdomoni, halafu unaangalia viatu vyako. Nikajua hunipendi, unaninong'onea matusi."

Nilianza kucheka, nikajikuta nalia.

Akavivaa. Upepo ukamjaa masikioni, akashtuka.

"Haya," akasema. "Kule chini nilisikia unabwabwaja kitu. Ulisemaje?"

"Kirsteen ni mjamzito, mzee. Unakuwa babu."

Hakujibu. Nikawaza, mambo ni yaleyale tena! Kumbe amejifunika macho kwa glavu.

"Rudia."

"Unakuwa babu."

"Tena."

Nikarudia mpaka akaniinua kwa mkono, akanigeuza uso upande wa upepo.

"Tangulia wewe na dira yako. Na nikikuita, uitike."

Tuliporudi Kirsteen aliona vile vifaa masikioni mwa baba yake kabla hatujavua buti. Akalia, akamgombeza, akamkumbatia. Milima hakumkataza. Alisema tu asiende bila mimi.

Wakuu, mimi niliishi na kinyongo kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasema, na mzee naye hivyohivyo. Kama nyumbani kwenu kuna mtu mnaamini anawadharau, msogeleeni, mtazameni usoni, mseme kwa sauti. Huenda hajawahi kuwasikia.

Sisi ilibaki hatua moja tuzikwe siku moja, kila mtu amemnunia mwenzake.